Mbuzi Wetu Alitangulia Majengo

Shangazi Eunike mpendwa, shikamoo.

Naomba unisaidie kabla sijapasuka, kwa maana nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu Thadeus, na wahenga walisema mficha uchi hazai, basi mimi leo nimeamua kuufunua wangu kwako, ila jina langu usilitoe, niite Katibu tu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, nakaa Rau, hapa Moshi, na ni katibu wa kikundi cha akina mama kumi na mmoja, Wakatoliki na Walutheri tumechanganyika, na kazi yetu ni moja, kupamba ndafu na kumwingiza ukumbini. Wewe ni mtu wa kwetu huhitaji kuelezwa, lakini kwa wasomaji wako wa mikoa mingine niseme kwamba ndafu ni mbuzi mzima aliyechomwa, anawekwa kwenye sinia na majani mdomoni, na kwenye harusi zetu na sendofu, zile sherehe za kumuaga binti kabla ya harusi, yeye ndiye keki, bila yeye watu watakula na kushiba lakini wakirudi nyumbani watasema hapakuwa na sherehe. Kumchoma ni kazi ya Mzee Wenseslaus, ambaye hutukabidhi na kutuambia, "Mimi kazi yangu aive. Nyinyi mvisheni hata koti."

Kilichotupa jina, Shangazi, ni kwamba hatukuwa tunarudia mtindo. Safari moja ndafu aliingia amebebwa juu kama mgeni anayepanda mlima, wapagazi mbele na mizigo kichwani, kiongozi anamwambia apumue taratibu. Safari nyingine aliingia ndani ya kibanda cha majani ya migomba, hakuna aliyejua kuna nini humo mpaka bibi harusi alipofungua mlango. Kule Kibosho tulimvika mkufu wa buni nyekundu, na bibi yake bibi harusi akalia machozi, akasema tangu watoto wake wang'oe mibuni wapande nyanya hajaona buni nyingi namna ile.

Na tulikuwa tunakutana Alhamisi tu, saa tisa alasiri, kwa Mwenyekiti wetu, Mama Bernadetha. Kati ya Alhamisi na Alhamisi kila mtu na shughuli zake, huyu anakata majani ya ng'ombe, yule yuko sokoni na ndizi zake, na mwenzetu Elinipendo anateremka Chekereni kwenye mpunga wake kufukuza ndege, tukija kukutana kila mmoja ana lake, tunabishana mpaka chai inapoa, na katika kubishana huko ndiko mtindo unakozaliwa, nusu wa huyu na nusu wa yule, na mwisho hakuna anayeweza kusema ni wa nani.

Mimi ndiye niliyeleta maendeleo, na nilijisifu kweli. Mwaka jana, 2007, nilisema kikundi cha kisasa hakiwezi kungoja Alhamisi, nikahimiza kila mtu atafute simu, na wakatafuta, wote isipokuwa Elinipendo aliyesema mikono yake ina matope muda wote na simu si jembe. Nikaweka utaratibu kwamba mtu akipata wazo asilikalie, atume meseji kwa wote hapo hapo. Mwanzoni ilikuwa raha, simu zinalia jikoni, zinalia zizini, tukajisikia kama ofisi ya Dar. Lakini nikaona kitu ambacho sikukielewa na hata leo sikielewi: anayetuma wa kwanza ndiye anayeshinda. Mmoja anaandika asubuhi, "Tumvike ndafu miwani ya jua," Mwenyekiti anajibu, "Nimeipenda," na kabla uji haujachemka wanane waliobaki wameshajibu, "Na mimi," "Na mimi pia," "Safi sana," na yule aliyekuwa na lake analimeza, ikifika Alhamisi hakuna cha kubishania, tunakunywa chai ingali ya moto na kwenda nyumbani.

Halafu nikapiga hatua nyingine. Pale mjini karibu na stendi kuna intaneti kafe, na dada anayehudumia pale, anaitwa Pamela, alinifundisha kujiandikisha kwenye ule mtandao ambao unaweka picha yako na watu wanakuomba urafiki, akanitafutia wapambaji wenzetu wa Arusha, Dar, Mwanza, hata mmoja aliyeolewa Uingereza, tukawa tunaonyeshana picha za ndafu wetu. Sitaki kusema uongo, faida ipo, kule ndiko nilikojifunza kuchonga karoti ikawa ua, na kazi mbili za Arusha tulizipata kule. Lakini miezi sita haikuisha, Shangazi, ndafu wote wakawa na miwani. Wa Arusha miwani, wa Dar miwani na tai, sisi tukaongeza kofia, wa Mwanza wakaongeza kofia kubwa zaidi. Mshereheshaji mmoja wa hapa mjini alimtazama wetu akasema kwenye kipaza sauti, "Na huyu naye ametoka kwa daktari yule yule wa macho!" Ukumbi ulicheka na mimi nikacheka, lakini moyoni niliumia.

Mwezi wa nane tukapata sendofu ya ukoo mmoja mkubwa wa Kiboriloni, na tukakwama kabisa. Sasa Elinipendo, ambaye hapati meseji zetu na kwa hiyo kichwa chake hakikuwa kimejaa miwani, siku ya Alhamisi aliinua mkono akasema yeye analo, amelipata Chekereni. Alisema kule bondeni mama mmoja wa Kipare alipotelewa na mbuzi, akazunguka majaruba yote na kamba mkononi akiuliza, "Hamjamwona mbuzi wangu?" na kila aliyeulizwa aliacha jembe akamfuata, mpaka wakawa kundi zima wanamtafuta mbuzi mmoja.

"Na mimi niingie ukumbini hivyo hivyo," Elinipendo akasema. "Na kamba tupu. Niwaulize wakwe, nichungulie chini ya meza kuu, nimuulize na mchungaji. Watasema jamani mama wa watu amechanganyikiwa. Halafu nyinyi huko mlangoni mpige vigelegele, kapatikana!"

Tulicheka mpaka Mwenyekiti akashika mbavu, na kila mtu akaanza kuongezea lake, huyu anataka kengele ilie nje, yule anataka mbuzi aingie kinyumenyume, tukabishana mpaka jua likazama.

Sasa ungamo lenyewe. Kesho yake, Ijumaa, nilikwenda kwa Pamela, nikaandika yote mtandaoni, kamba, wakwe, meza kuu, nikaweka na picha ya Elinipendo akifanya mazoezi uani kwa Mwenyekiti, nikamalizia, "Jumamosi ya wiki ijayo Kilimanjaro itawaonyesha." Sikutaja kwamba wazo ni la Elinipendo. Niliandika "letu", na mama mmoja wa Mwanza aliponiuliza, "Umelitoa wapi dada, wewe ni mbunifu wa ajabu," nikamjibu, "Mungu tu, dada." Sijui kitu gani kilinipata, Shangazi, watu nisiowahi kuwaona wananisifu na mimi pale kwenye kiti cha plastiki nimevimba kama andazi.

Jumamosi ikafika. Elinipendo akaingia na khanga yake ya shambani na kamba mkononi, akamwendea baba mkwe kwa heshima zote, akapiga goti. "Shikamoo baba. Samahani, hujamwona mbuzi wangu?" Kabla mzee hajafungua mdomo, sauti ikatoka meza za nyuma, "Yuko Majengo! Jana tulimwona!" Watu wakaangua kicheko, mwingine akadakia, "Hata kamba ni ile ile!" Kumbe jana yake, Ijumaa, kikundi kimoja cha Majengo kilikuwa kimefanya hivyo hivyo, neno kwa neno, na nusu ya wageni wa Ijumaa ndio hao hao wa Jumamosi, unajua sisi Moshi tunavyochangiana sherehe. Elinipendo alibaki amepiga goti katikati ya ukumbi. Hakujua acheke au akimbie. Na sisi mlangoni tukapiga vigelegele, kwa sababu ndivyo tulivyopangiwa.

Alhamisi iliyofuata Mwenyekiti akauliza nani katoa siri, na macho yote yakamgeukia Elinipendo, kwa sababu wifi yake ameolewa Majengo. Akasema, "Mae! Mimi niuze wazo langu mwenyewe? Hata simu sina." Mmoja akamjibu, "Mdomo unao." Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, daftari la kikundi magotini. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Shangazi, ilikuwepo, tena ndefu. Mwenyekiti akasema, "Katibu, andika," nikaandika, kwa mkono wangu, mwandiko mzuri kabisa, kwamba mwanachama Elinipendo amesimamishwa kwa kutoa siri za kikundi. Hakulia. Alijifunga khanga yake vizuri, akasema, "Haya, tutaonana sokoni," akaondoka.

Sasa zimebaki wiki tatu kufika sendofu ya Evelyn, binti wa Mwenyekiti mwenyewe, na hatuna kitu. Nimepokea meseji ishirini na mbili za mawazo na kumi na tisa ni za miwani. Mwenyekiti amesema mbuzi wa miwani akiingia kwenye sherehe ya mwanawe kikundi kinavunjwa siku hiyo hiyo. Wenzangu nusu wanataka simu zote zizimwe, nusu wanataka tujiunge na mtandao mwingine wa pili ili tupate mawazo zaidi. Na juzi nilikutana na Elinipendo njiani, ana mzigo wa majani kichwani, akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza na hali ya watoto, na hilo ndilo lililonimaliza. Nimeandika meseji ya kumwomba radhi nitume kwenye simu ya mumewe, nimeiandika mara nne na kuifuta mara nne.

Nifanyeje, Shangazi? Nikisema watanifukuza, nisiposema nitaugua. Nijitoe mtandaoni? Na hebu niambie, kwa nini akina mama wale wale, wenye akili zile zile, tumekauka hivi tangu tuanze kuzungumza kila saa? Si ndiyo tungekuwa na mawazo mengi zaidi?

Wako mwenye aibu,
Katibu, Rau.

Katibu,

Marahaba. Kwanza niombe radhi, maana nimecheka. Nilipofika kwa daktari wa macho nilimwaga chai kwenye barua yako, na aliyeipiga chapa amelalamika kwamba ukurasa wa pili unanuka tangawizi. Nimeshamaliza kucheka. Sasa kaa vizuri.

Kuweka lile wazo mtandaoni ni kosa la kiherehere. Hilo nakusamehe, na wala usiwaandame wale wa Majengo, ukianika mpunga barabarani usimlaumu kuku. Kujibu "Mungu tu" ni kosa zaidi, kwa sababu ulimnyang'anya mwenzako sifa zake kisha ukamtaja Mungu awe shahidi. Lakini lililonikasirisha mimi ni la tatu. Ulikaa na daftari magotini, mtu asiye na hatia amesimama mbele yako, ukaandika. Mtandao haukumsimamisha Elinipendo, mwanangu. Ni wewe, tena kwa mwandiko mzuri.

Nasikia unalia. Lia kidogo, halafu futa kamasi tuendelee, kwa sababu swali lako la mwisho ni zuri kuliko unavyojua.

Kabla ya kustaafu nilifundisha sayansikimu katika shule moja ya bweni ya wasichana, miaka kumi na saba. Kila mwaka niliwapa ndizi, maziwa na nusu saa, nikawaambia kila mmoja abuni chakula ambacho mama yake hajawahi kupika. Mwaka wa kwanza niliwaacha wakae pamoja. Wasichana thelathini, nikapata mtori thelathini, ule ule wa ndizi unaopikwa kila nyumba. Yule aliyechangamka kuliko wote alisema "mtori" kwa sauti, na wengine wote wakaona mtori ndiyo akili. Mwaka wa pili niliwatawanya, mmoja huku na mmoja kule, marufuku kuchungulia, ndipo baadaye nikawakutanisha waonjane na kukosoana. Nikapata vyakula vya kila namna. Vinane havikulika hata na mbwa wa mlinzi. Lakini kimoja nakipika mpaka leo, na wajukuu wanakigombania.

Umenielewa? Wale walikuwa watoto wale wale na ndizi zile zile. Wazo likiwa bado changa linahitaji kukaa na mwenyewe, libadilike, liharibike, litengenezwe, huku mikono ikikata majani. Ndipo lipelekwe kwa wenzake lipigwe. Nyinyi mlikuwa mnafanya hivyo bila kujua. Siku sita kila mtu kivyake, siku ya saba mnagombana. Wewe ukazifuta zile siku sita ukadhani zilikuwa za bure.

Halafu kuna jambo la pili. Unaandika kama vile Elinipendo ndiye aliyeachwa nyuma kwa kukosa simu. Nakwambia yeye ana watu wengi kuliko nyinyi wote. Anakaa bondeni na Wapare, na wapanda mpunga, na watu ambao hawajawahi kumvika mbuzi kitu chochote. Wewe na marafiki zako wa Arusha, Dar, Mwanza na yule wa Uingereza, nyote ni wapambaji wa ndafu mnaotazama ndafu wa wapambaji wa ndafu. Mama aliyepotelewa na mbuzi wa kweli mngempata wapi? Kati yenu hayumo.

Kwa hiyo simu msizizime. Mkizizima sinia litakwenda Marangu na mbuzi atakwenda Machame. Zitumieni kwa saa, kwa usafiri, kwa kuulizana nani analeta karoti. Habari ya mtindo isiguswe kwenye simu mpaka Alhamisi. Alhamisi yenyewe kila mmoja aseme lake lote kabla mwingine hajatia neno, anzeni na mnyamavu, na Mwenyekiti awe wa mwisho. Mama Bernadetha asinune nikisema hivi, lakini akishasema "Nimeipenda", soko limefungwa, nani ataendelea kutandaza bidhaa?

Mtandaoni nako usijitoe. Punguza wapambaji, tafuta wengine. Tafuta fundi seremala, mwalimu wa chekechea, mfuga nyuki, mama anayeshona mapazia. Waulize kazi zao na usiwaambie ya kwako. Na picha ya ndafu iwekwe wageni wakishamla, chini yake jina la mwenye wazo.

Hayo ni ya kikundi. Sasa ya kwako, na hapa nitakukaripia tena.

Umeniomba nisitoe jina lako. Katibu, wa kikundi cha ndafu, wa Rau, akina mama kumi na mmoja, mbuzi aliyeonekana Majengo. Mwanangu, jina la nini? Gazeti hili likifika stendi saa moja asubuhi, saa mbili Elinipendo atakuwa amesomewa habari zake na muuza ndizi. Umerudia kosa lile lile. Umepata jambo zito, na badala ya kumpelekea mwenyewe ukalitangaza kwanza kwa watu usiowajua.

Nimefanya hivi. Bahati nzuri kwenye bahasha uliandika anwani yako. Jibu hili nimelinakili na kumpa mtu akuletee mkononi Jumatatu. Gazeti linatoka Jumapili. Wasomaji wengine wanaolisoma leo wajue kwamba wewe umekuwa nalo wiki nzima.

Jumanne asubuhi kata jani la isale. Najua unazo, zipo mpakani mwa shamba lako kama zilivyo mpakani mwa shamba la kila mtu. Nenda nalo kwa Elinipendo, peke yako, kwa miguu. Jani la kuombea msamaha hubebwa kwa mkono, kwa hiyo meseji ya tano usiiandike kabisa. Mweleze kila kitu, na yale maneno ya "Mungu tu" mwambie kama yalivyo, usiyapake sukari. Usiketi mpaka akukaribishe. Na nakuonya, usithubutu kumwomba wazo la sherehe ya Evelyn. Ukiomba radhi na wazo siku moja atajua umefuata kipi.

Alhamisi nenda kikundini na daftari. Soma ule ukurasa kwa sauti mbele ya wote, halafu uwaambie nani alistahili kuandikwa pale. Wakikusimamisha, simama. Wakikuvua ukatibu, wape kalamu. Hutakufa, karoti utaendelea kuchonga. Na Thadeus mwambie jioni hiyo hiyo, maana mume anayesoma siri ya mkewe gazetini hupoteza hamu ya chakula, na wewe ndiye utakayelaumiwa kwa mapishi.

Ukishindwa, piga simu hapa ofisini kabla ya Ijumaa saa sita, mimi mwenyewe nitaizuia barua isichapwe. Sifanyi hivyo kwa kukuhurumia wewe. Sitaki yule mama adhalilishwe mbele za watu kwa mara ya pili.

Shangazi Eunike.

Nyongeza, Ijumaa, saa tano na nusu asubuhi. Simu imelia. Nilijua ni Katibu ameshindwa, nikainua na karipio langu tayari mdomoni. Hakuwa yeye.

"Shikamoo Shangazi," akasema. "Ni Elinipendo wa Rau. Naongea kwa simu ya baba watoto. Nimesikia barua inangoja ruhusa."

Nikamwambia ni kweli, na ruhusa ni yake.

"Ichapeni. Mwenzangu alikuja Jumanne, na jana alisema mbele ya watu wote, sauti ikimtetemeka mpaka mimi ndiye niliyemvutia kiti. Lakini andikeni kwamba la mbuzi aliyepotea lilikuwa wazo langu. Langu mimi. Watu wa Kiboriloni nao wasome."

Nikamwahidi. Kisha, jamani, uzee haukunizuia, nikamuuliza kama amerudi kikundini, na Evelyn je, ataingiziwa mbuzi wa namna gani?

Akacheka kicheko kirefu. "Nimerudi. Na huyo mbuzi, Shangazi, njoo umwone ukumbini."